Maji Ukiyavulia Nguo

Kwetu Makambako, msichana haolewi bila kuambiwa kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ataambiwa kwenye kicheni pati, ataambiwa tena kwenye sendofu, na siku yenyewe mshehereshaji atairudia ukumbini kabla ya keki kukatwa, kana kwamba bibi harusi ni kiziwi. Mdogo wangu aliolewa mwezi wa kumi mwaka jana. Mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kuhesabu vitu, basi nikaihesabu methali hiyo: mara 7, kutoka kwa watu 7. Wote nawajua tangu utotoni. Kati yao hakuna hata mmoja anayejua kuogelea.

Siwacheki. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji tunayoyafahamu ni ya bomba, ya kisima na ya mvua. Sifa yetu ni upepo na njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapa, ile ya Njombe na Songea inachepukia hapa, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapa hapa. Kwa hiyo vitu vingi vinapita Makambako: mbao, viazi, mahindi, malori ya Zambia. Bahari haijawahi kupita, ila ndani ya lugha. Kiswahili kilipopanda huku milimani kilikuja na vyombo vyake vyote. Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama. Mtu akitulia mahali tunasema ametia nanga. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alitufafanulia neno "mrama" kwa kulaza kiganja chake upande huu na upande ule, nasi tukalaza vyetu, darasa zima, watoto zaidi ya 50 wenye masweta, na hakuna aliyewahi kuona jahazi. Mtihani ulipokuja tulipata.

Kitu kingine cha majini kilichotufikia ni msiba. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wamezunguka redio bila kuongea. MV Spice Islander ikazama Septemba 2011 ikiwa njiani kwenda Pemba. MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na siku zile nilikuwa kwenye chumba cha habari. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha idadi ya waliokufa kila ilipopanda, mpaka ikavuka 200. Mtu wa bara anayeyajua maji kwa njia hii, kwa methali na kwa redio, anajua mambo mawili tu: kwamba maji yana hekima, na kwamba yanaua.

Nyumbani kwetu kulikuwa na habari ya tatu. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mwalimu. Mwaka 1981 alipangiwa shule moja kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, na alipokuwa akirudi kazini kutoka likizo alipanda mtumbwi ambao haukufika. Mwili haukupatikana. Baba wakati huo alikuwa kijana, kibarua wa reli. Aliomba ruhusa, akateremka mpaka ziwani, akakaa ufukweni siku 9 akisubiri maji yarudishe kilichochukuliwa. Siku ya kumi alipanda kurudi na sanduku la nguo na vitabu vya kaka yake, na hivyo ndivyo vilivyozikwa. Haya yote nimeyapata kwa shangazi. Baba mwenyewe sikuwahi kumsikia akilitaja ziwa. Ukubwani ndipo niligundua kwamba hata samaki wa Nyasa hawaliwi kwetu. Mama hununua dagaa wa Mwanza, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Sasa mdogo wangu akampata mtu wa Tanga.

Familia ya bwana harusi ilikuja na basi dogo, safari ya siku 2, wakalala Morogoro. Walifika wakitetemeka. Baba mdogo wa bwana harusi alishuka na kanzu nyepesi juu ya suruali, upepo wa Makambako ukampokea, na saa hiyo hiyo shangazi akamvalisha koti la marehemu mume wake ambalo hakulivua tena mpaka Jumapili. Mzee huyu alikuwa mzamiaji. Ujana wake wote ulipita chini ya bahari ya Tanga akitafuta kamba koche na jongoo bahari, na alikuwa na namna ya kukusikiliza akiwa ameinamisha sikio moja, kwa sababu lingine, alisema, aliliacha huko huko.

Ukumbini mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Upande wa bwana kule, upande wa bibi huku, katikati zulia jekundu na mpiga picha. Kamati ilikuwa imefanya kazi miezi 5, michango ilikusanywa, sare zilishonwa, ratiba ilifuatwa. Utambulisho wa familia peke yake ulichukua saa nzima: fulani asimame apunge mkono, akae. Mwisho wa usiku nilikuwa najua majina ya ndugu wote wa Tanga na sikuwa nimezungumza na hata mmoja wao.

Jumapili, baada ya ibada ya shukrani, yule mzee aliuliza swali moja wakati wa chai. "Sisi tumekuja mpaka huku juu. Ziwa je, hatulioni?"

Meza ikanyamaza. Mama akamwangalia baba. Bwana harusi, ambaye mdogo wangu alikwisha kumweleza kila kitu, akajifanya anatafuta sukari. Tulikuwa tunajua kwamba amepanga kumpeleka mkewe Matema kwa siku mbili tatu, na kwamba ndani ya begi lake kulikuwa na miwani minne ya kuzamia, ile mikubwa inayofunika pua, na mirija yake ya kupumulia. Mhazini wa kamati akasema hakuna fungu. Katibu akasema haipo kwenye ratiba. Kisha baba akaweka kikombe chini, akasema: "Wageni wakitaka kuona ziwa, wataonyeshwa ziwa. Na mimi nitawasindikiza."

Hivyo ndivyo tulivyojikuta Jumatatu alfajiri ndani ya Kosta ya kukodi, watu 26, kila mmoja amejilipia. Hakuna sare, hakuna mshehereshaji, hakuna ratiba. Ukitoka Makambako unafuata barabara kuu: Igawa, Chimala, Igurusi, mpaka Uyole, halafu unakata kushoto kuelekea Tukuyu. Tukuyu ni migomba, chai na ukungu. Baada ya hapo barabara inateremka, inateremka tu, na hewa inazidi kuwa nzito. Makoti yalianza kuvuliwa moja moja. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela, shangazi alikuwa amebaki na fulana ya kampeni za uchaguzi na kitenge, na yule mzee wa Tanga ndiyo kwanza anachangamka. "Sasa ninapumua," alisema, akamrudishia koti lake.

Matema iko kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ufuko wake ni mrefu, mchanga wake mwepesi, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama wima na kuingia majini bila hodi. Tulifikia kwenye nyumba za wageni za kanisa jioni. Baba alisimama akaitazama ile milima muda mrefu, mgongo ameupa ziwa.

"Nyuma ya hii ni Makete," alisema. "Ni kwetu. Tumezunguka siku nzima kuja nyuma ya nyumba."

Asubuhi mzee wa Tanga aliamka kabla ya watu wote. Nilimkuta amechuchumaa ukingoni, amechota maji kwa kiganja, anaonja. Alitema, akacheka peke yake. Kulikuwa na kijana anashona nyavu karibu na mtumbwi. Mzee akamwuliza, kwa heshima zote za kizamiaji:

"Samahani mwanangu, hapa maji yanakupwa saa ngapi?"

Kijana hakuelewa. Mzee akarudia: yanaondoka saa ngapi, yanarudi saa ngapi? Kijana akamwangalia, akaliangalia ziwa, akasema, "Hayaendi popote, babu. Yako hapa hapa."

Mimi nilicheka, lakini baadaye nililifikiria sana jibu lile. Nusu ya hekima ya Kiswahili kuhusu maji imejengwa juu ya kupwa na kujaa: subira, zamu, bahati inayokwenda na kurudi. Hapa tulikuwa tumesimama mbele ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 700, yanayogawanywa na nchi tatu, na hekima hiyo haikuwa na pa kushika. Hata bingwa wetu alikuwa mgeni. Alipoingia mara ya kwanza na kujilaza juu ya maji kama alivyozoea, alizama mpaka masikioni, akaibuka anakohoa. "Hayana chumvi," alitutangazia. "Hayakubebi. Itabidi ujibebe mwenyewe." Nadhani hapo ndipo ndugu zangu walipompenda. Ukumbini alitambulishwa kama mzamiaji mashuhuri. Hapa alikuwa mzee anayekohoa kama sisi.

Kabla ya yote aliwauliza wenyeji. Wakamwambia asikaribie mdomo wa mto, kuna mamba. Wakamwambia penye majani na maji yaliyosimama kuna kichocho. Wakamwonyesha kidole upande wa mashariki, mchanga unapoishia na mawe kuanza. Huko ndiko samaki waliko. Tukaenda kwa miguu, tumebeba jagi la chai na chapati, watoto wa kijijini wakitufuata.

Masomo yalikuwa mafupi. Unatema mate ndani ya kioo cha miwani, unasugua kwa kidole, unasuuza, ili kisijae ukungu. Unauma mpira wa mrija kwa meno bila kuukaza. Unapiga magoti mahali ambapo maji yanafika kifuani, unainamisha uso, unapumua polepole kwa mdomo. Basi. Kuogelea si lazima. "Mwili utakataa," mzee alituonya. "Mwili hauamini kwamba unaweza kuvuta pumzi ukiwa ndani. Uache ukatae mara mbili, mara tatu. Ya nne utakubali."

Wa kwanza alikuwa shangazi. Ana miaka 66, mjane, mzee wa kanisa. Alikaza kitenge chake, akapiga magoti, akainamisha uso. Mara ya kwanza aliruka kama aliyeungua. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alitulia, na sisi tuliokuwa tumesimama juu tukasikia sauti ikitoka kwenye ule mrija, nzito, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi: "Kamwene!" Alikuwa anawasalimia samaki kwa Kibena. Wabena wote tuliangua kicheko, watu wa Tanga wakadai watafsiriwe, na kuanzia hapo hakukuwa tena na upande wa bwana wala upande wa bibi. Miwani ilikuwa minne na watu 26. Ilibidi tupokezane, tufungiane mikanda nyuma ya kichwa, tushikane mikono ili anayetazama asiyumbe. Mama yangu alishikwa na mama mkwe wa mdogo wangu, ambaye Jumamosi yote alikuwa akimwita "mama mzaa chema" kwa kipaza sauti. Sasa alikuwa anamwambia, "Usinibane hivyo dada, mkono wangu unaumwa baridi yabisi." Na mama: "Na mimi. Wa kushoto." Wakaanza kuelezana dawa, maji kiunoni.

Zamu yangu ilipofika, mwili wangu ulikataa mara nne. Ya tano nikaona.

Sitajaribu kukupamba. Nilitarajia giza, au kijani kizito kama cha bwawa, na nilikuta chumba kikubwa chenye mwanga. Mawe makubwa kama nyumba ndogo, na juu ya kila jiwe samaki wanaokwangua mwani kwa midomo yao, bila haraka, kama mbuzi kwenye majani. Bluu wenye mistari myeusi. Njano. Wengine wa rangi ya udongo, mpaka wageuke ndipo unaona mbavu zinametameta. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga ndani ya matangi ya vioo sebuleni. Niliwahi kusoma hayo kazini na yakanipita. Mtoto mmoja wa pale, wa miaka 9 au 10 hivi, asiye na miwani wala mrija, alizama kando yangu akanionyesha kwa kidole: samaki jike, na mbele yake kitu kama vumbi. Vumbi lile lilikuwa watoto wake. Kivuli chetu kilipowapitia, jike alifungua mdomo, na wale watoto wote wakaingia humo, na akaufunga. Nilitoa kichwa kumwuliza yule mtoto kama nimeona vizuri. Akaniambia, "Si anawaficha," kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua inalowesha.

Baba wakati wote huo alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, koti lake mwilini, joto lote lile. Alikunywa chai. Aliwasalimia wavuvi. Hakuligeuzia ziwa mgongo tena, lakini alilitazama kama unavyomtazama mtu mliyewahi kushtakiana.

Saa 5 hivi bwana harusi alitoka majini akaenda kukaa chini, mchangani, karibu na miguu yake. Mimi nilikuwa nakausha nywele, hatua chache kutoka hapo.

"Umefika chini?" baba alimwuliza.

"Pale kwenye mawe nimefika, baba. Mita 4, labda 5."

"Kukoje?"

"Kweupe."

"Kweupe?"

"Kweupe kabisa. Jua linafika. Mchanga unauona, na mawe, na samaki wanakula."

Baba alinyamaza. Kisha akasema, si kwa bwana harusi hasa, "Sisi tulilikuta limechafuka. Siku zote 9 lilikuwa limechafuka. Rangi ya matope. Mimi nimeliacha hivyo hivyo."

Nilisubiri yule kijana aseme pole. Nilisubiri aseme maneno ya wakwe, kwamba ni mipango ya Mungu, kwamba marehemu amepumzika. Hakusema. Alitema mate kwenye kioo cha miwani, akasugua, akaenda kusuuza, akarudi akaiweka juu ya mtumbwi kati yao wawili. Akakaa.

Ilipita kama robo saa. Halafu baba akavua koti, akanipa mimi. Akakunja suruali, akaona haitoshi, akaikunjua tena na kuingia nayo. Shangazi alimshika mkono wa kulia bila kuambiwa. Yule naye alikuwa kaka yake. Mzee wa Tanga akamshika wa kushoto. Mrija aliukataa. Alivuta pumzi, akainama.

Nilihesabu. Sekunde 11. Aliinuka, akafuta uso, akavuta pumzi, akainama tena. Mara ya tatu akaomba mrija, na safari hiyo alikaa muda mrefu sana, mgongo wake ndani ya shati jeupe la harusini umeinama juu ya maji, watu wawili wamemshika, na watoto wa Matema wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Sijui aliona nini. Sikumwuliza, na mimi ndiye ninayelipwa kwa kuuliza.

Alipotoka alisema, "Kumbe kuna mwanga." Akaomba koti lake.

Mchana tuliletewa wali wa Kyela na mbasa wa kukaanga, samaki wa humo humo ziwani. Mama alishika bakuli la baba, akasita, akamtazama. Baba akasogeza sahani.

Nimejaribu tangu hapo kuipenda tena ile methali na nimeshindwa kuisikia kama zamani. Jinsi inavyosemwa ukumbini, kuyaoga maji ni kuvumilia: umeshavua nguo, umeshaaibika, basi nyamaza uoge. Inasemwa kwa bibi harusi zaidi kuliko bwana harusi, hilo nalo nililihesabu. Lakini wanaoisema hivyo wamesimama nchi kavu. Siku ile Matema sikuona mtu akivumilia. Niliona watu wakikataa, wakatoka, wakarudi, wakashikwa mkono na mtu ambaye siku tatu nyuma hawakuwa wakimjua. Mdogo wangu, ambaye aliambiwa mara 7 kwamba hana budi, alikaa majini mpaka vidole vikajikunja kama vya bibi kizee, na ilibidi tumwite mara mbili kwa chakula.

Wiki 3 baadaye ilifanyika shughuli ya kuvunja kamati, kama ilivyo desturi. Soda, nyama choma, hotuba fupi zisizo fupi. Mhazini alisoma mapato na matumizi mpaka mwisho: ukumbi, chakula, mapambo, mpiga picha, muziki. Akauliza kama kuna mwenye swali. Baba akanyoosha mkono.

"Matema haimo."

"Mzee, ile haikuwa ya kamati," katibu akamjibu kwa upole. "Kila mtu alijilipia."

"Najua. Iandikwe."

Katibu aliangalia huku na huku, akafungua muhtasari kwenye kipengele cha mengineyo, akauliza aandike nini. Baba akamsomea polepole, kama mtu wa reli anayetoa taarifa ya treni, na katibu akaandika neno kwa neno: safari ya ziwani, watu 26, wote wamerudi.